Safari ya masomo ya daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu

Mzazi wa Lamu au Malindi ambaye mwanawe ametamka kwamba anataka kuwa daktari wa ubongo huwa na swali moja la kumuuliza mwalimu: aombe chuo gani? Kwa namna lilivyoulizwa, swali hilo halina jibu. Hakuna chuo nchini Kenya kinachompokea kijana aliyemaliza sekondari na kumtoa akiwa bingwa wa nurolojia, yaani tawi la tiba linaloshughulikia maradhi ya ubongo, uti wa mgongo, neva na misuli. Anayetibu kifafa, kiharusi, kipandauso au ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson ni mtu aliyekwisha kuwa daktari wa kawaida, akarudi darasani kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani au wa watoto, kisha akarudi mara ya tatu kusomea mishipa ya fahamu peke yake. Kila anaporudi hukuta masharti mapya na mlipaji mwingine, na aliyeingia hatua ya kwanza kwa alama za juu kabisa anaweza kukaa miaka akingoja kuingia ya pili.

Wengi hudhani kwamba kinachowapunguza wanaoitaka kazi hii ni ugumu wa ubongo wenyewe. Mimi sioni hivyo. Ukiifuata safari hii tangu mwanzo utaona kwamba hukatika zaidi mahali pawili ambapo ubongo hautajwi kabisa: pa kwanza ni wakati mtoto anapochagua masomo ya sekondari, na pa pili ni pale daktari mwenye umri wa karibu miaka thelathini, ana mke au mume, ana watoto na mshahara wa kaunti, anapotakiwa aviweke vyote hatarini ili awe mwanafunzi tena.

Kabla ya kuifuata, yafaa kuwatenganisha madaktari watatu ambao watu huwachanganya. Daktari wa maradhi ya akili hutibu huzuni iliyozidi, sauti anazosikia mgonjwa peke yake, uraibu na mengine ya aina hiyo. Daktari wa upasuaji wa ubongo hufungua fuvu au uti wa mgongo ili kutoa uvimbe, damu iliyovuja au kupunguza maji yaliyojaa kichwani. Bingwa wa nurolojia hapasui. Silaha zake ni mahojiano, uchunguzi wa mwili kwa mikono yake, vipimo na dawa. Wote watatu husoma shahada ileile ya kwanza na kufanya uanagenzi uleule, na hapo ndipo njia zao huachana. Kijana anayesema “daktari wa ubongo” huenda hajui bado ni yupi kati yao anayemtaka, na hana haja ya kujua mapema. Uamuzi huo humngoja karibu miaka saba baada ya kumaliza sekondari.

Kuna jambo jingine linalowapoteza vijana siku hizi. Maelezo mengi wanayoyakuta kwenye simu zao yameandikwa kwa msomaji wa Marekani, na yanasema kwamba lazima kwanza upate shahada ya miaka minne katika fani yoyote, ufanye mtihani uitwao MCAT, usome tiba miaka minne, kisha uingie mafunzo ya ubingwa ya miaka minne. Maelezo hayo ni sahihi kwa Marekani. Kwa mwanafunzi wa Kenya hayana kazi, kwani hapa tiba husomwa moja kwa moja baada ya sekondari, kama ilivyo Uingereza, India na Tanzania. Mwanafunzi anayepanga kusoma shahada ya baiolojia kwanza kwa kudhani kwamba ndiyo ngazi ya kupandia udaktari atapoteza miaka minne na karo yake.

Sasa turudi sekondari. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE unatarajiwa kufanywa 2027, mwanafunzi huacha baadhi ya masomo anapokaribia kidato cha tatu. Anayetaka tiba hawezi kuacha baiolojia wala kemia, na akiacha fizikia hujifungia nafasi nyingi. Sheria humruhusu mwenye wastani wa C+ kuingia chuo kikuu, lakini C+ haimwingizi mtu kwenye tiba. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, hata wanaochaguliwa kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni, kwa kawaida ni wenye A au karibu na A, na alama za masomo ya sayansi huangaliwa moja moja. Chini ya mfumo mpya wa elimu ya umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya 10 Januari 2026, chaguo hilo limesogezwa mbele zaidi: mtoto wa gredi ya 9 huchagua mkondo, na anayetaka tiba hana budi kuchagua ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Hapo ndipo mtoto wa visiwani huachwa nyuma bila mtu yeyote kumfukuza. Kemia haisomwi kwa daftari peke yake. Mtihani wa vitendo una alama zake, na mwanafunzi aliyeona mwalimu akipima asidi mbele ya darasa zima mara moja kwa muhula hawezi kulingana na aliyelishika bomba la kupimia mwenyewe kila wiki. Mzazi wa Faza au Siyu anayetaka kumsaidia mwanawe awe daktari atafanya vizuri zaidi kuuliza habari za maabara na mwalimu wa fizikia kuliko kuuliza habari za chuo kikuu. Mtoto aliyezoea kuhifadhi juzuu nzima madrasani ana mazoezi ya kumbukumbu ambayo wenzake wa bara huenda wakamwonea gere mwaka wa kwanza wa anatomia, lakini kumbukumbu haimwokoi mtu asiyeelewa hesabu ya uwiano.

Shahada ya kwanza, inayojulikana kwa herufi MBChB, huchukua miaka sita katika vyuo vingi vya Kenya, ukiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mafunzo ya tiba yalianza 1967, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Miaka ya mwanzo ni ya mwili mzima ulio na afya: anatomia, ambayo husomwa kwa kupasua maiti, fiziolojia, inayoeleza viungo vinavyofanya kazi, na biokemia. Baadaye huja vijidudu, dawa na namna maradhi yanavyoharibu viungo. Miaka ya mwisho hupitia wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, akili. Nurolojia huonekana kwa vipande tu. Kipande cha kwanza ni anatomia ya ubongo, ambayo wanafunzi wengi huiogopa na kuimeza bila kuitafuna. Kipande cha pili ni wiki chache ndani ya wodi ya magonjwa ya ndani, na mara nyingi bingwa wa nurolojia mwenyewe hayupo wa kumfundisha. Si ajabu basi kwamba wengi humaliza shahada wakiiona nurolojia kama fani ya watu wa ajabu.

Gharama za hatua hii hupitia mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, ambao umekwisha kubishaniwa mahakamani, na ambao hugawanya karo kati ya ruzuku ya serikali, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na mfuko wa familia kulingana na uwezo wake. Kwa kuwa tiba ni miongoni mwa kozi ghali, hata fungu dogo la familia si dogo. Baadhi ya familia huwapeleka watoto nje, na hilo halina ubaya, ila kuna sharti la kuangaliwa mapema: Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, halitambui kila chuo, na aliyesomea nje ya Afrika Mashariki hufanya mtihani wa baraza kabla ya kuruhusiwa kuanza uanagenzi. Chuo kihakikiwe kwa baraza kabla ya senti ya kwanza kulipwa.

Baada ya shahada huja mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa, Coast General ya Mombasa ikiwa mojawapo. Mwanagenzi huzunguka idara kuu, akifanya kazi chini ya madaktari waliotangulia, na hawezi kupata leseni bila kuumaliza. Mwaka huo wa uanagenzi ulijulikana na kila Mkenya 2024, wakati madaktari walipogoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na malipo ya wanagenzi yakawa kiini cha ugomvi: mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Kwa mwenye ndoto ya ubingwa, jambo la kukumbuka ni kwamba mtu anaweza kumaliza miaka sita ya chuo na bado akakaa nyumbani miezi mingi akingoja kupangiwa hospitali, na kungoja huko hakumo katika hesabu yoyote inayochapishwa na vyuo.

Akipata leseni, kijana ni daktari. Anaweza kutibu, kuajiriwa na kaunti, na kuitwa daktari sokoni na msikitini. Katika nurolojia bado hajaanza.

Hatua ya pili ndiyo ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote, nayo ni shahada ya uzamili katika magonjwa ya ndani, ambayo huchukua miaka mitatu hadi minne kutegemea chuo. Kwa nini bingwa wa ubongo alazimishwe kwanza kujua figo, moyo na ini? Kwa sababu ubongo hauugui peke yake. Kiharusi kwa kawaida huanzia kwenye shinikizo la damu lililoachwa miaka, au kwenye moyo unaopiga ovyo na kutengeneza donge. Ganzi ya nyayo mara nyingi ni kisukari. Mtu anayechanganyikiwa ghafla huenda ana upungufu wa chumvi mwilini, ini lililoshindwa au maambukizi ya kuvu katika utando wa ubongo kwa sababu ya virusi vya Ukimwi. Daktari anayejua neva tu atampiga picha ya kichwa mgonjwa ambaye shida yake iko kwenye figo.

Ugumu wa hatua hii hauko katika masomo pekee. Tangu huduma za afya zilipogatuliwa kwa kaunti 2013, daktari wa Lamu au Kilifi ni mwajiriwa wa kaunti, na ili akasome anahitaji likizo ya masomo kutoka kwa mwajiri huyo. Kaunti yenye madaktari wachache haioni haraka ya kumwachilia mmoja kwa miaka minne. Ikimwachilia, humfunga kwa mkataba wa kurudi kuitumikia kwa muda uliokubaliwa. Asiye na mwajiri wa kumlipia hujikuta akilipa karo huku akifanya kazi wodini usiku na mchana bila mshahara, isipokuwa kwa hospitali chache za kufundishia zinazotoa posho. Yote haya humkuta mtu katika umri ambao ndugu wadogo wanamtegemea na mama mkwe anauliza nyumba itajengwa lini. Nimewahi kusikia watu wakiwalaumu madaktari wa aina hii kwamba “hawakutaka kuendelea”. Lawama hiyo haina haki.

Ipo njia ya kanda pia. Chuo cha Madaktari Bingwa wa Magonjwa ya Ndani cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ECSACOP, humruhusu daktari kupata ubingwa akiwa katika hospitali iliyoidhinishwa, bila kulazimika kusajiliwa chuo kikuu. Daktari anayefikiria uzamili na ilinganishe njia hii na ile ya chuo kikuu kabla ya kukata shauri.

Hatua ya tatu ndiyo nurolojia yenyewe. Katika Kenya hufanywa kama mafunzo ya ubobezi ya miaka miwili au zaidi kwa mtu ambaye tayari ni bingwa, na siku hizi yanaweza kupatikana Nairobi, jambo ambalo kizazi kilichotangulia kililazimika kulifuata ng’ambo. Nchi nyingine zimekata njia kwa namna zao. India humtaka daktari amalize miaka mitatu ya magonjwa ya ndani, kisha mitatu ya nurolojia. Afrika Kusini humruhusu kuingia nurolojia moja kwa moja kwa miaka minne, lakini daktari anayetoka nchi nyingine mara nyingi hupewa nafasi isiyo na mshahara wa huko, kwa hiyo lazima awe na mfadhili. Marekani humpa mwaka mmoja wa magonjwa ya ndani na mitatu ya nurolojia, na Mkenya anayeelekea huko hufanya mitihani ya leseni ya huko, USMLE, na kuthibitishwa na ECFMG, shirika linalokagua vyeti vya madaktari waliosomea nje. Hadaiwi ile shahada ya miaka minne niliyoitaja juu. Ethiopia ilianzisha mafunzo yake Addis Ababa 2006, na Zambia ikafuata Lusaka 2018. Mifano hii miwili ya mwisho ndiyo inayonipa tumaini zaidi, kwani bingwa aliyefundishwa katika hospitali inayofanana na zetu amezoea kufanya kazi bila kila kipimo kuwa chumba cha pili.

Anafundishwa nini huko kinachohitaji muda wote huo? Tumchukue mgonjwa mmoja. Fundi wa jahazi wa Matondoni ameamka asubuhi na mguu wake wa kulia hauinuki. Akitembea, vidole vinaburura mchangani. Mtaa mzima umekwisha kusema ni kiharusi. Daktari wa nurolojia hujiuliza maswali mawili kwa utaratibu usiobadilika: shida iko wapi, kisha shida ni nini. Kosa kubwa la mwanafunzi ni kurukia la pili.

Shida hiyo inaweza kuwa katika ubongo upande wa kushoto, kwani kila nusu ya ubongo huongoza nusu ya mwili iliyo kinyume chake. Ikiwa ni hivyo, daktari hutarajia udhaifu wa mkono au uso pia, ingawa si lazima, na akikuna wayo wa mgonjwa, kidole gumba huinuka badala ya kukunjika, dalili iliyoelezwa na Joseph Babinski 1896 na ambayo hadi leo hugharimu ncha ya ufunguo tu. Inaweza kuwa katika uti wa mgongo. Hapo huuliza habari za mkojo, hupima hisia kutoka miguuni kwenda juu akitafuta mstari ambapo ganzi inaishia, na huangalia kama mguu wa pili nao umeguswa. Au inaweza kuwa katika neva moja inayopita pembeni mwa goti, chini kidogo ya ngozi, ambayo hubanwa mtu anapochutama kwa saa nyingi. Hapo mkono ni mzima, uso ni mzima, kidole gumba hakiinuki wayo unapokunwa, na ganzi iko upande wa juu wa mguu, si chini ya wayo. Fundi aliyechutama kutwa akikalafati chombo ana neva iliyobanwa, si kiharusi, na mara nyingi hupona kwa kuacha kuchutama na kuvumilia wiki kadhaa. Yeye mwenyewe angeielewa hoja hii upesi, kwa sababu maji yanayojaa ngamani, chini ya chombo, karibu na tezi huenda yameingilia mbele, omo, na hakuna fundi anayeziba mahali alipoyaona maji.

Kufikiri kwa namna hiyo hakupatikani kwa kusoma. Hupatikana kwa kuwachunguza wagonjwa mamia chini ya jicho la mtu anayejua, ukisema kwa sauti unadhani shida iko wapi kabla ya picha kurudi, na kuaibika pale picha inapokukana. Vipimo navyo vina elimu yake. Mwanafunzi hujifunza kusoma mistari ya EEG, kipimo cha umeme wa ubongo ambacho Hans Berger alichapisha habari zake 1929. Hujifunza kupima kasi ya umeme katika neva za mikono na miguu, kuchota maji ya uti wa mgongo bila kumdhuru mgonjwa, kuangalia nyuma ya jicho kuona kama neva yake imevimba, na kusoma picha za CT na MRI mwenyewe badala ya kungoja ripoti. EEG hasa ina hatari yake: asiyefundishwa vyema huona kifafa katika mistari ya mtu mzima wa afya, na mtu huyo hunyweshwa dawa miaka mingi bure.

Kisha kuna mambo ambayo mafunzo ya ng’ambo hayamwandai mtu ipasavyo. Dawa ya kuyeyusha donge la damu katika kiharusi ilithibitishwa 1995 kwa wagonjwa waliofika ndani ya saa tatu, na 2008 utafiti mwingine ukasogeza kikomo hadi saa nne na nusu. Kabla ya kuitoa lazima picha ya CT ionyeshe kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni, maana katika kiharusi cha kuvuja damu dawa hiyo huua. Sasa mchukue mgonjwa wa Kizingitini aliyeanguka saa nane za usiku, maji yakiwa yamekupwa na chombo hakipiti mlango wa bahari wa Mkanda mpaka yajae. Saa nne na nusu zinaisha bado yuko baharini. Daktari aliyefundishwa London anajua dawa ile vizuri sana. Anayetumikia Lamu anahitaji kujua zaidi namna ya kuzuia kiharusi cha pili, namna ya kumlisha asiyeweza kumeza bila chakula kuingia mapafuni, namna ya kuifundisha familia kumgeuza mgonjwa, na namna ya kumshauri mwenzake kwa simu. Hayo nayo ni nurolojia, ingawa hayana sifa.

Kwa bahati, pwani hii ina mahali pa kujifunzia ambapo sehemu nyingi za Afrika hazina. Kilifi, katikati ya Mombasa na Malindi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na mfuko wa Uingereza wa Wellcome Trust, kilichoanzishwa 1989. Watafiti wake, akiwemo Profesa Charles Newton, wamechunguza kwa miaka mingi watoto waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo, na baadaye chanzo cha kifafa vijijini. Utafiti uliochapishwa 2013, ambao Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vitano barani Afrika, ulihusisha kifafa na matatizo wakati wa kuzaliwa kwa watoto, na kwa watu wazima na maambukizi ya vimelea. Maana yake kwa mzazi ni nzito: sehemu ya kifafa kinachohusishwa na mashetani au nyuni katika mitaa yetu ingezuiwa na mkunga mzuri na choo safi. Maana yake kwa mwanafunzi ni kwamba anayependa upande wa utafiti hana sababu ya kudhani maarifa ya ubongo hutengenezwa Ulaya tu.

Anayevutwa na watoto hupita njia ya pembeni kidogo. Badala ya magonjwa ya ndani husoma uzamili wa magonjwa ya watoto, kisha ubobezi wa mishipa ya fahamu kwa watoto, na Chuo Kikuu cha Cape Town kina mpango wa muda mrefu wa kuwafundisha madaktari wa watoto kutoka nchi nyingine za Afrika kwa sharti kwamba warudi kwao. Pwani inamhitaji sana mtu wa aina hii, kwa sababu ya degedege, mtindio wa ubongo, na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu ambao unaweza kumpa kiharusi mtoto wa miaka sita. Anayetaka upasuaji wa ubongo naye huachana na wenzake mara baada ya uanagenzi, na mafunzo yake marefu hupitia chuo kikuu au chuo cha wapasuaji wa kanda, COSECSA.

Tukijumlisha, mtu aliyemaliza sekondari akiwa na miaka kumi na minane, ambaye hakukwama popote, hutimiza ubingwa wa nurolojia akiwa na miaka thelathini na kidogo. Anayengoja uanagenzi, akafanya kazi ya kaunti kwanza, akatafuta mfadhili, huufikia akikaribia arobaini. Ndiyo maana mabingwa ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2017, lilikadiria kwamba nchi za kipato cha chini zina wataalamu wa nurolojia, wakihesabiwa pamoja na wapasuaji wa ubongo na madaktari wa neva za watoto, 0.1 kwa kila watu 100,000, na nchi tajiri 7.1.

Kwa hiyo si haki kumwambia kila kijana mwenye nia kwamba ama awe bingwa ama aache. Sehemu kubwa ya wagonjwa wa kifafa wa Malindi na Lamu hawatamwona bingwa kamwe, na wengi wao hawamhitaji. Wanahitaji mtu anayeijua fenobarbitoni, anayejua kwamba valproeti haifai kupewa msichana aliye karibu na umri wa kuzaa isipokuwa kwa sababu nzito, na anayemfuatilia mgonjwa kila mwezi. Kazi hiyo hufanywa na maafisa wa kliniki, ambao husoma stashahada ya miaka mitatu katika vyuo vya serikali vya mafunzo ya tiba, KMTC, na kufanya uanagenzi wao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutibu kifafa umekuwepo tangu 2010. Mlango wa juu nao haujafungwa kwao, kwani baadhi ya vyuo vikuu huwapokea wenye stashahada nzuri katika shahada ya tiba, ingawa huanza karibu upya.

Limebaki la kurudi. Bingwa akimaliza, baraza hukagua vyeti vyake na kumwandikisha katika orodha ya mabingwa, kisha hutafuta kazi. Hospitali nyingi za kaunti hazina nafasi iliyoandikwa nurolojia, kwa hiyo bingwa aliyerudi huajiriwa kama daktari wa magonjwa ya ndani na kupewa wodi nzima ya shinikizo na kisukari, bila mashine ya EEG wala siku ya kliniki ya neva. Baadhi yao huvumilia mwaka mmoja kisha huhamia Nairobi, au hubaki Mombasa na kupanda basi mara moja kwa mwezi kuja kliniki. Daktari wa kaunti anayeondoka leo kwenda kusoma ana nguvu ya kujadiliana kabla ya kuondoka kuliko atakavyokuwa nayo akirudi, na mkataba wa likizo ya masomo ndio mahali pa kuandika atarudi kwenye kazi gani, kliniki ya siku gani, na mashine ipi itakuwa imenunuliwa.